Bure na huria katika machapisho ya utafiti

Maneno haya huchanganywa mara nyingi na wanaotafsiri habari za machapisho ya kisayansi. Bure huhusu malipo. Huria huhusu kutobanwa na vizuizi. Soko huria lina bei, na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania hutoza ada.

Tofauti hiyo ina uzito Morogoro. Makala nyingi za utafiti kuhusu udongo na misitu ya Milima ya Uluguru, yenye vyanzo vya Mto Ruvu unaoipatia Dar es Salaam maji, zimeandikwa kwa Kiingereza. Anayetaka kuwafikishia wakulima wa Mgeta tafsiri ya Kiswahili hana budi kusoma leseni kwanza. Katika leseni za Creative Commons, BY pekee huruhusu tafsiri isambazwe, mradi mwandishi atajwe na mabadiliko yaonyeshwe. NC huzuia matumizi ya kibiashara. ND huruhusu kusambaza nakala jinsi ilivyo, wala si tafsiri yake. Makala isiyo na leseni hubaki chini ya hakimiliki; mtafsiri huomba kibali.

Hivyo makala yenye ND husomwa bure popote, ila mkulima asiyejua Kiingereza haimfikii. Azimio la Berlin la mwaka 2003 huhesabu usambazaji wa kazi zitokanazo na nyingine kuwa sehemu ya ufikiaji huria. Kwa makala ya namna hiyo, basi, “ufikiaji wa bure” ndiyo tafsiri sahihi. “Ufikiaji huria” huahidi zaidi ya kilichotolewa.