Jeshi likiitwa Kitui, nani husoma taarifa yake?

Desemba 4, 2021, basi lililowabeba wanakwaya wa Kanisa Katoliki waliokuwa wakielekea harusini lilisombwa na Mto Enziu, karibu na Mwingi, Kaunti ya Kitui. Zaidi ya watu 30 walikufa maji. Wapiga mbizi wa Jeshi la Wanamaji wakatumwa kusaidia kuopoa miili. Katika msiba wa aina hiyo ni nadra mtu kuuliza wanajeshi wametumwa kwa kifungu gani cha sheria.

Kifungu kipo. Katiba ya 2010, Kifungu cha 241, inasema kwamba jeshi likisaidia katika dharura au mkasa, sharti Bunge la Taifa lipewe taarifa. Likitumwa kurejesha amani palipo na ghasia, sharti Bunge liidhinishe kwanza.

Kwa wakazi wa Kitui na Makueni, ambako mito ya msimu hukauka kwa miezi kisha ikafurika ghafla, sharti la kwanza ndilo linalowagusa zaidi. Taarifa yenye faida kwao ni fupi: askari wangapi, wapi, kwa siku ngapi na kwa gharama gani.

Hata hivyo, Katiba yenyewe haitaji siku ya mwisho ya kuiwasilisha, wala adhabu kwa atakayeipuuza. Utaratibu umeachiwa Sheria ya Jeshi ya mwaka 2012. Afrika Kusini iliyaandika hayo ndani ya Katiba yake ya 1996: Rais hulieleza Bunge upesi sababu, mahali, idadi ya askari na muda. Bunge lisipoketi katika siku 7 za kwanza, kamati husika ndiyo hupewa maelezo hayo.

Wapo wanaoona kwamba taarifa za namna hii ni mzigo mtupu wa makaratasi, na hoja yao si ya kubezwa. Mwaka 2010, aliyekuwa Waziri wa Ulinzi wa Marekani, Robert Gates, alilalamika kwamba wizara yake, iliyoandikia Bunge ripoti 37 mwaka 1970, sasa ilikuwa ikiandika zaidi ya 700 kwa mwaka. Aliagiza kila ripoti ichapishwe gharama yake kwenye jalada. Rundo kama hilo huficha hata ile moja iliyostahili kusomwa.

Kenya ilionja uzito wa ile moja Juni 25, 2024. Aliyekuwa Waziri wa Ulinzi, Aden Duale, alitangaza katika Gazeti Rasmi kwamba wanajeshi wangewasaidia polisi wakati wa maandamano. Alitumia kipengele cha dharura, kile kile kinachofaa mafuriko. Bunge liliidhinisha hatua hiyo kesho yake. Juni 27 Mahakama Kuu iliruhusu wanajeshi wabaki, lakini ikaiamuru serikali itangaze katika muda wa siku 2 mipaka ya kazi yao, maeneo watakayokuwa na muda watakaokaa.