Kompyuta Haikusema Pampu Imekufa

Pikapu ya dizeli ikianza kukohoa, jambo la kwanza mwenye gari huambiwa siku hizi ni, "Ipeleke ikapimwe kompyuta." Hapana ubaya. Ubaya huja dakika kumi baadaye, fundi anapochomoa waya wake, akatikisa kichwa na kusema, "Kompyuta imesema pampu imekufa." Mwenye gari hana la kujibu. Kioo kimeandika, na nani atabishana na kioo? Atauza mbuzi, atakopa kwa chama, atanunua pampu, na juma la pili gari limerudi palepale.

Leo nataka tuelewe mashine hiyo husema nini hasa, kwani kwetu Pwani pikapu si gari la matembezi. Ndiyo inayotoa embe Malindi na nazi Kilifi kuzileta Kongowea, ndiyo inayobeba samaki na barafu, saruji na mbao. Ikilala gereji wiki moja, kuna nyumba kadhaa ambazo sufuria zake hupungua uzito.

Tuanze na tundu. Chini ya dashibodi, upande wa dereva, karibu na magoti, kuna tundu la plastiki lenye nafasi za pini 16. Linaitwa tundu la OBD. Marekani ililazimisha mfumo huo kwa magari mapya tangu mwaka 1996, Ulaya ikafuata miaka michache baadaye, petroli kwanza na dizeli nyuma yake. Pikapu nyingi tulizo nazo, Toyota Hilux za D-4D na Isuzu D-Max, zinalo. Hilux za kizamani zenye injini ya 3L au 5L ni jambo jingine: pampu yake ni chuma kitupu, haina kompyuta ya kuulizwa, na fundi wake bado hutegemea masikio na pua. Si vibaya hata kidogo, na wapo wenye masikio kuliko mashine.

Tundu hilo ndilo mlango wa kuzungumza na kompyuta ya injini. Kompyuta hiyo hupokea habari kutoka kwa sensa nyingi: joto la maji, hewa inayoingia, presha ya mafuta, mguu wako kwenye kanyagio. Kila sensa ina mipaka iliyowekewa. Habari ikitoka nje ya mipaka kwa muda fulani, kompyuta huandika nambari ya hitilafu, na mara nyingi huwasha ile taa ya njano ya injini. Nambari ikianza na P ni ya injini na gia, C ni ya chasisi na breki, B ni ya bodi, na U ni ya mawasiliano baina ya kompyuta zenyewe kwa zenyewe. Ikifuatia 0, maana yake ni moja kwa magari yote. Ikifuatia 1, kwa kawaida ni lugha ya kampuni iliyounda gari.

Sasa chukua P0087, ambayo wenye dizeli wengi wameshakutana nayo. Maana yake ni kwamba presha ya mafuta kwenye reli iko chini mno. Basi. Hapo hapana neno pampu. Ni kama mtu aliyekwenda zahanati akaambiwa ana homa: homa ni kweli, lakini huenda ni malaria, huenda ni jino.

Ili kujua homa hiyo imetoka wapi, yafaa ujue mafuta yanavyotembea. Pampu ya chini ya presha huvuta dizeli kutoka tangini, ikapita kwenye filta, ikaingia pampu kubwa. Pampu kubwa huisukuma kwenye bomba nene linaloitwa reli, na nozeli zote huchota humo kwa amri ya kompyuta. Kwenye Hilux ya lita 3, injini ikinguruma taratibu bila kukanyagwa, presha ya reli ni kama kPa 30,000. Hiyo ni zaidi ya mara mia ya upepo ulio kwenye tairi lako. Ukikanyaga na mzigo nyuma hupanda mara kadhaa zaidi. Ndiyo maana nakuomba kwa dhati: usiruhusu mtu alegeze nati za mabomba ya reli injini ikiwa inawaka "kuona kama mafuta yanafika". Mchirizi wa presha hiyo hupenya ngozi kama sindano, na dizeli iliyoingia mkononi ni kazi ya upasuaji.

Ukiifuata njia hiyo ya mafuta unaona mara moja ni wangapi wanaoweza kuishusha presha. Filta iliyoziba. Maji kwenye dizeli. Bomba lenye ufa mdogo linalonyonya hewa. Ile vali ndogo kwenye pampu inayopima mafuta ya kuingia, mafundi huiita SCV, ambayo ikichoka gari hunguruma kwa kupanda na kushuka kama mtu mwenye pumu. Nozeli zilizolika zinazorudisha mafuta mengi tangini. Hata sensa ya presha yenyewe, au waya wake. Pampu imo katika orodha, lakini ndiyo ghali kuliko wote, na ajabu ni kwamba ndiyo hutajwa kwanza.

Nambari ikishasomwa, kazi ndiyo kwanza inaanza. Programu nzuri ina ukurasa wa data hai, yaani vipimo vinavyosomwa injini ikiwa inafanya kazi. Humo utaona presha ambayo kompyuta inaitaka, na kando yake presha iliyopo kweli. Hizo mbili zikitembea pamoja, mambo ni shwari. Zikiachana, angalia zinaachana wakati gani.

Jirani yangu mmoja Mtwapa aliambiwa na gereji fulani anunue pampu. Kabla hajatoa pesa tulichomeka laptopu, nikakaa kiti cha abiria, tukapakia saruji na kuifuata njia ya Mazeras, ambako mlima upo wa kutosha. Pale chini, mwendo wa pole, presha inayotakiwa na iliyopo zilikuwa pacha. Tulipoanza kupanda, ile inayotakiwa ikapaa, na iliyopo ikabaki nyuma inahema. Hapo tulijua kwamba mafuta hayatoshi kwenye mzigo, ila hatukujua kosa la nani, maana hata pampu iliyochoka huonyesha hivyo hivyo. Basi tukaanza na cha bei rahisi. Filta ilipofunguliwa ilitoa maji. Kisha fundi akafunga kipande cha mpira unaoonyesha ndani baina ya filta na pampu, na mapovu yakaonekana yakipita. Bomba la mpira karibu na filta lilikuwa na ufa ambao jicho halikuuona. Filta mpya, futi chache za bomba, hewa ikatolewa, tukarudi mlimani. Pacha tena.

Watu huniuliza kama kile kidude kidogo cha Bluetooth, ELM327, pamoja na programu ya simu kama Torque, kinatosha. Kwa kusoma nambari na vipimo vya kawaida, kinatosha na kinafaa kila mwenye gari awe nacho. Mipaka yake ni kwamba hakizungumzi vizuri lugha ya ndani ya kampuni. Programu ya Toyota, Techstream, huonyesha hata marekebisho ambayo kompyuta inaifanyia kila nozeli. Nambari ikiwa karibu na sifuri, nozeli hiyo haina neno. Ikipita 3 juu au chini, injini ikiwa na moto wake wa kawaida, mtilie shaka. Lakini hata hapo usikimbilie duka la spea. Fundi mwenye subira huihamisha nozeli hiyo kwenye silinda nyingine, kwa washa mpya. Ubaya ukihama nayo, nozeli ndiyo mwenye kosa. Ukibaki kwenye silinda ile ile, tazama kompresheni ya injini. Tena nozeli nyingi za mfumo huu zina mlolongo wa herufi na nambari ulioandikwa juu yake, na lazima uingizwe kwenye kompyuta kila nozeli inapobadilishwa au kuhamishwa. Aliyefunga nozeli bila kuingiza mlolongo huo hajamaliza kazi.

Sisi wa ukanda wa bahari tuna adui wa ziada, chumvi. Hula vichwa vya waya na waya wa athi unaoshika bodi, kukaota unga wa kijani. Betri nayo ikichoka, kompyuta huanza kuweweseka na kuandika nambari za U na za sensa ambazo hazina tatizo lolote. Kwa hiyo kabla ya yote pima betri: kama volti 12.6 gari likiwa limelala, na karibu 14 likiwaka. Ni kipimo cha dakika moja, na inasikitisha ni mara ngapi hurukwa.

La mwisho, kufuta nambari. Nambari inapoandikwa, kompyuta huhifadhi pia hali ya gari wakati ule: mwendo, joto, mzigo. Hiyo ni amana ya fundi. Anayefuta kabla ya kuiandika mahali ameitupa. Taa huzimika, mteja hufurahi, hulipa, na hitilafu iko palepale ikingoja mlima. Wauzaji wa magari yaliyotumika nao wanaujua mchezo huo. Lakini magari mengi huhesabu kilomita zilizoendeshwa tangu nambari zilipofutwa, na kile kidude cha Bluetooth huweza kukuonyesha. Ukiambiwa gari halijawahi kusumbua, kisha ukaona nambari zilifutwa kilomita 6 zilizopita, mwulize mwenyewe hizo kilomita 6 zilitoka gereji gani.