Kengele na Jina

Mpimaji husimama karibu na kichwa cha mgonjwa, mahali asipoonekana, akapiga kengele ndogo upande wa kulia, kisha kushoto. Anasubiri aone kama macho au kichwa kitageukia sauti. Mgonjwa ametoka kwenye koma: mchana anafumbua macho, usiku anayafumba, ila haijulikani kama anajitambua wala kama anawatambua waliomzunguka.

Mwaka 2013 watafiti wa Liège, Ubelgiji, walilinganisha kengele hiyo na jina la mgonjwa mwenyewe. Waliogeukia jina walikuwa wengi zaidi. Si jambo la kupuuza. Miaka minne kabla, wagonjwa 44 walioandikiwa kwamba hawana fahamu kabisa walipimwa upya kwa utaratibu makini, na 18 kati yao wakakutwa na fahamu hafifu. Faili lilikuwa limeshawazika.

Muziki nao? Huko Lyon, Ufaransa, kazi iliyochapishwa 2015 ilianzia kwa ndugu: huyu alikuwa akipenda nyimbo gani? Wagonjwa 13 walisikilizishwa muziki wao, na wakati mwingine mvumo mtupu. Kisha yakasomwa majina, la mgonjwa likiwa katikati ya mengine, huku waya za kupima umeme wa ubongo zimebandikwa kichwani. Ubongo uliitikia jina lake mara nyingi zaidi baada ya muziki kuliko baada ya mvumo. Huenda wimbo unaopendwa huamsha kwanza, ndipo jina linapokuta mwenyeji yupo macho. Huenda pia unagusa kumbukumbu za maisha yake mwenyewe.

Mimi ulionikaa zaidi akilini ni utafiti wa Chicago. Mtafiti Theresa Pape na wenzake waliwaomba ndugu wasimulie mambo waliyoyapitia pamoja na mgonjwa, wakawarekodi. Kila siku mgonjwa alivishwa visikilizio mara nne, dakika kumi kila mara, kwa wiki sita. Waliokuwa wakisikia sauti za nyumbani walipata nafuu zaidi ya fahamu kuliko waliosikilizishwa ukimya. Na ile kengele? Baada ya wiki hizo sita waliishughulikia kidogo kuliko wale wa ukimya, kana kwamba wamejua lipi la kusikiliza na lipi la kuacha.

Wagonjwa wa Chicago walikuwa 15 tu, na hakuna wimbo unaounga ubongo uliochanika. Na redio inayolia wodini kutwa nzima haistahili hata kuitwa tiba. Ubongo huizoea kama sisi tunavyozoea feni.

Kwa hiyo ukienda kumwona mtu wako, omba redio izimwe, na simu yako uizime pia. Muulize muuguzi saa gani mgonjwa huwa macho. Mwite kwa jina mnalomwita nyumbani, hata kama kwenye faili kuna jingine. Msimulie kisa kimoja mnachokijua nyinyi wawili. Halafu nyamaza, umtazame macho, wala usiwe na haraka ya kuondoka.