Je, Wajua? Senti ya Shaba Yenye Nyuzi za Mbao

Ukibahatika kushika senti ya Marekani ya mwaka 1909, au ya miaka michache iliyofuata, ile yenye sura ya Abraham Lincoln, usiishie kusoma tarehe. Isogeze dirishani, uiinamishe kidogo kidogo hadi mwanga uteleze juu yake. Nyingi zina kahawia ya kawaida tu, mwanzo hadi mwisho. Moja moja ndiyo utaikuta imejaa mistari myembamba, mingine ya kahawia iliyokolea, mingine ya rangi ya asali, imekwenda sambamba toka ukingo hadi ukingo. Utadhani seremala alichukua kipande cha mninga, akakipiga randa, kisha akamchonga rais juu yake.

Mistari hiyo ilikuwemo kabla Lincoln hajagongwa. Ilianzia tanurini.

Kwa sheria ya 1864, senti ya Marekani ilitakiwa iwe na asilimia 95 ya shaba nyekundu, na asilimia 5 zilizobaki ziwe bati na zinki. Kwa maandishi hesabu hiyo ni nyepesi. Kwenye moto ina vituko vyake. Shaba huyeyuka ikifika nyuzijoto 1085 za Selsiasi. Bati huyeyuka kwenye 232, zinki kwenye 420, na zinki hiyohiyo ikifika 907 tayari inachemka. Kwa hiyo zinki inayotumbukizwa ndani ya shaba iliyoyeyuka inaingia mahali penye joto lililopita kiwango chake cha kuchemka, na sehemu yake hutoroka kama moshi mweupe hata kabla haijachanganyika. Fundi asipokoroga vya kutosha, tanuri moja hutoa shaba ya aina mbili tatu.

Hata akikoroga sawasawa, kuganda nako kuna hila. Mchanganyiko wa shaba na bati haugandi kwa mkupuo mmoja. Sehemu zenye shaba nyingi hutangulia kuwa ngumu, na ule ujiuji unaochelewa, uliobanwa katikati yake, huwa umebeba bati kupita kiasi. Kuupasha moto tena mkuo ulioganda husaidia kusawazisha mambo, ila bati husafiri ndani ya shaba kwa mwendo wa kobe, na kiwanda chenye oda ya mamilioni ya senti hakina subira hiyo.

Halafu mkuo huo hupitishwa kati ya rola nzito za chuma, tena na tena, mpaka uwe ukanda mwembamba. Senti yenyewe ina unene wa kama milimita 1.5 tu. Hapo ndipo doa linapogeuka uzi. Kila kidonge cha bati kilichojitenga huvutwa kuelekea upande ambao ukanda unakwenda, kikarefuka kadiri ukanda unavyorefuka. Baadaye ukanda hutobolewa vipande vya duara, navyo huangukia kwenye mashine ya kugonga chapa vimegeuka vyovyote vile. Ndiyo maana senti moja ina nyuzi za wima, nyingine za mlalo, na nyingine zinamkata Lincoln kimshazari toka kisogoni hadi kwenye ndevu.

Siku senti inapotoka kiwandani iking'aa kama moto, huenda usione kitu. Ni hewa, jasho la vidole na salfa iliyomo katika karatasi na mazingira vinavyoifichua. Uzi wenye bati nyingi hauliwi na hewa kwa kasi ileile ya jirani yake mwenye shaba nyingi, basi kila mmoja hupata kahawia yake.

Asili hiyo ndiyo inayotoa kipimo cha kutambua senti ya kweli. Mistari ya tanurini haijali picha: inapita shavuni, inapanda juu ya herufi, inashuka kwenye uwanda mtupu bila kupinda. Kisha geuza sarafu, uone upande wa pili. Kwa kuwa nyuzi zilivutwa pamoja na ukanda mzima, mwelekeo wake huku na kule unapaswa kuwa mmoja. Mjanja aliyechezea rangi kwa moto au dawa ana kazi ngumu hapo, na kwa maoni yangu hilo ndilo linaloipa kasoro hii heshima kuliko rangi za upinde wa mvua za sarafu nyingine ambazo wengine huzishangilia.

Wakusanyaji huzitaja sana senti zenye herufi ndogo S chini ya tarehe, alama ya kiwanda cha San Francisco, hasa za miaka ile ya mwanzo ya Lincoln. Lakini senti zetu za enzi ya mkoloni, zile za shaba nyeusi zenye tundu katikati zilizotumika Kenya, Uganda na Tanganyika, nazo zilikuwa za mchanganyiko, kwa hiyo aliyezihifadhi kabatini azitazame kwa jicho hilohilo. Asizisugue tu. Ndimu na majivu, vinavyong'arisha sinia za Pwani, vitakwangua ile ngozi ya kahawia ambayo ndiyo picha yenyewe, na sarafu iliyosuguliwa hushuka bei papo hapo.

Mwaka 1962 Wamarekani waliondoa bati katika senti yao, na mwaka 1982 wakaingiza senti ya zinki iliyovikwa utando wa shaba tupu. Utando huo hauna mchanganyiko wa kukorogwa vibaya, kwa hiyo nyuzi zikaisha. Senti hizo zina ugonjwa mwingine: hewa ikinaswa chini ya utando, uso wa Lincoln huota malengelenge.