Hasheem chini ya pete

Mpira wa nne nao ukagonga chuma, ukatoka. Kijana aliyekaa kwenye benchi mbele yangu aliushusha mkono na pedi yake, akaikodolea macho TV kama mtu aliyedhulumiwa. Tulikuwa kwenye kibanda cha gemu Nangurukuru, njia panda ya kwenda Kilwa Masoko. TV ya chogo ilikaa juu ya kreti za soda, na PS3 chini yake ilikuwa ikipulizwa na feni isiyo na kifuniko. Wenzake wote walikuwa wakisubiri zamu ya soka. Yeye, aliyekuja na mzigo kutoka Kikole na sasa anasubiri gari la kurudi, aliomba awekewe NBA 2K14, gemu ya mpira wa kikapu, kwa sababu moja tu: ndani yake yumo Hasheem Thabeet. Alichagua Oklahoma City Thunder, akamwondoa senta anayeanza, akamwingiza Mtanzania mwenzake, kisha kila mpira akampelekea yeye.

"Mjomba," aliniuliza, "mtu mwenye mita mbili na ushee anakosaje pale chini kabisa?"

Nimefundisha mpira wa kikapu mashuleni kwa miaka mingi, na gemu hizi nazicheza pia. Swali hilo naliheshimu, kwa kuwa ndilo swali ambalo uwanja wenyewe ulimuuliza Hasheem.

Tuanze na pete. Iko mita 3.05 kutoka sakafuni, na upana wake ni sentimita 45. Mpira una kipenyo cha sentimita 24 hivi. Ukiutazama mpira unaoshuka wima kutoka juu, una mlango mpana, karibu mara mbili yake. Lakini mpira ukija umelala, mlango unafinyika. Ukiingia kwa pembe ya nyuzi 45, upana unaobaki mbele yake ni kama sentimita 32. Ukiingia kwa nyuzi 30, zinabaki sentimita 22 na nusu, na hapo mpira haupiti bila kugusa chuma. Mchezaji wa mbali huupandisha mpira juu ukapata nafasi ya kushuka. Aliye chini ya pete hana nafasi hiyo. Mpira wake una safari fupi, na akiurusha kwa haraka huenda umelala. Ndiyo maana pale karibu tunafundisha ubao. Ule mstatili uliochorwa nyuma ya pete, wenye upana wa sentimita 59 na kimo cha sentimita 45, haukuwekwa kwa urembo. Ukiwa ubavuni, unaulaza mpira taratibu kwenye kona ya juu ya mstatili iliyo upande wako, na ubao wenyewe unaugeuza kuelekea chini.

Watengenezaji wa gemu wamelijua jambo hili polepole. Kwenye NBA Jam ya mwaka 1993, ukikaribia pete unaruka juu kuliko minazi na kuusokomeza mpira, basi, hakuna mjadala. NBA 2K, iliyoanza mwaka 1999, imekuwa ikielekea upande mwingine mwaka hadi mwaka. Unapobonyeza kitufe cha kurusha, programu inapima mambo kadhaa kwa pamoja: mchezaji wako amepewa alama ngapi katika aina hiyo ya kurusha, yuko umbali gani, amechoka kiasi gani, amesimama sawa au amesukumwa, beki yuko wapi na mkono wake umenyooka kiasi gani, na wewe umekiachia kitufe wakati gani. Tena alama za karibu na pete si moja. Kuna ya kurusha kwa karibu, ya kuulaza mpira ukiwa mbioni, ya kudanki ukitokea mbioni, ya kudanki umesimama, na ya kurusha kwa mkono mmoja wa upinde ukiwa umempa beki ubavu. Mchezaji anaweza kuwa hatari katika moja na mgeni kabisa katika nyingine. Urefu unamsaidia mkono wake kupita juu ya beki, lakini haumpi alama ambazo hana.

Hasheem halisi alikutana na hesabu hiyo hiyo. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987, akauanza mpira wa kikapu akiwa na miaka 15 hivi, na miaka michache baadaye alikuwa Chuo Kikuu cha Connecticut akizuia mipira ya watu kwa namna iliyowashangaza Wamarekani. Mwaka 2009 Memphis Grizzlies walimchagua akiwa wa pili katika wachezaji wote wapya, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Mtanzania wa kwanza NBA, mwenye mita 2.21. Mimi siku ile nililia, na sioni haya kusema. Lakini kule alikutana na mabeki wazito waliomsogeza nje ya sehemu yake kabla mpira haujamfikia, na huwezi kujifunza kwa msimu mmoja miguu ambayo wenzako wameifanyia kazi tangu utotoni. Wastani wake wa pointi NBA haukufika tatu kwa mchezo. Waliomwita mchezaji aliyeshindwa hawakumtendea haki. Kijana aliyeanza akiwa na miaka 15 na kufika pale amefanya jambo ambalo hakuna mwenzetu mwingine aliyelifanya kabla yake.

Kijana wa Kikole alikuwa anafanya kosa lile lile la kuuamini urefu. Alimsimamisha Hasheem chini ya pete, akamrushia mpira, akabonyeza. Mara moja mwamuzi alipuliza kosa la kukaa sekunde tatu chini ya pete. Mara nyingine beki alikuwa tayari kifuani pake, na Hasheem aliruka akiwa amebinuka.

Nikamwomba pedi. "Mdogo wangu, kwenu mnavuna mpingo. Ukitaka kulisogeza gogo, unasimama wima?"

"Hapana, linakulaza wewe. Unashusha kiuno."

Basi na hapa ni hivyo. Kwenye gemu kuna kitufe cha kumpa beki mgongo. Katika matoleo ya miaka ya karibuni kwa PlayStation ni L2, unakishikilia. Mchezaji anashuka kiuno, na ukisukuma stiki kuelekea kwenye pete anamsogeza beki hatua kwa hatua. Angalia miguu, usiangalie mpira. Beki akiwa mwepesi kuliko wewe, endelea kusukuma. Akikaza na kuegemea upande mmoja, huo ndio wakati wa kugeuka upande wa pili, kwa kuwa uzito wake wote uko kule na hawezi kuurudisha upesi. Hakeem Olajuwon, Mnigeria aliyekulia Lagos akicheza soka langoni kabla ya kuushika mpira wa kikapu, aliipa Houston Rockets ubingwa wa 1994 na 1995 kwa ufundi huo: bega linaenda kulia, beki anafuata, miguu tayari imekwenda kushoto. Anayemcheza Olajuwon kwenye timu za zamani za 2K ataona kuwa hata pale, ukibonyeza kabla beki hajaegemea, unakosa.

Jambo la pili ni kitufe cha kukimbia. Vijana wengi wanakibana mwanzo hadi mwisho. Kukibana unapofika kwenye pete kunaiambia programu kwamba unataka kudanki, na ukiwa umezungukwa na watu wawili danki hiyo inaishia mikononi mwao. Kiachie hatua moja kabla. Mchezaji anapunguza kasi, anauinua mpira, anaulaza ubaoni. Uwanjani tunalifanya zoezi la Mikan, lililopewa jina la senta wa zamani George Mikan: unasimama chini ya pete, unauweka mpira kwa mkono wa kulia, unaudaka, unauweka kwa mkono wa kushoto, bila kuudundisha, mpaka jasho likutoke. Mwanafunzi wangu aliyelizoea hilo hucheza gemu vizuri pia, kwa kuwa jicho lake limeshajua mguu gani unatangulia.

Na Hasheem? Ufundi wa kumpa mtu mgongo haumfai sana, ndani ya gemu wala nje. Nilimwonyesha kijana njia nyingine. Hasheem atoke chini ya pete, aje juu amwekee mwenzake Russell Westbrook ukuta kwa mwili wake. Beki wa Westbrook akigonga ukuta huo, mabeki wawili wanabaki wakitazamana nani amfuate nani, na katika sekunde hiyo Hasheem anageuka na kukimbilia kwenye pete peke yake. Hapo hana haja ya kusukumana na mtu. Mpira urushwe juu, aukute huko huko ulipo mkono wake.

Jaribio la kwanza alitoa pasi mapema, ikamgonga beki usoni. La pili alichelewa. La tatu ukuta ulisimama, Westbrook akapita begani kwake, kijana akahesabu kwa sauti, "Moja, mbili," akabonyeza. Hasheem akauchukua mpira juu ya vichwa vya watu na kuupitisha chini kwa mikono miwili, na nyavu zikapanda.

Waliokuwa wakisubiri soka walipiga kelele kama bao la Taifa Stars.

Nje konda akaanza kupiga ubavu wa gari. Kijana alinirudishia pedi, robo ya tatu ikiwa na dakika mbili, akaokota kofia yake. "Mjomba, nimalizie," akasema akiwa mlangoni. "Lakini Hasheem usimtoe."