Mkaa wa pumba waweza kunasa mbolea inayopotea mabandani

Na Mwandishi Wetu

MAJI meusi yanayotiririka kutoka mabanda ya ng'ombe na nguruwe pembezoni mwa miji huhesabiwa na majirani kuwa kero ya harufu na nzi. Kwa mtaalamu wa udongo, maji hayo ni mbolea iliyokosa mwenyewe.

Ndani yake mna naitrojeni, fosforasi na potasiamu, virutubisho vilevile ambavyo mkulima huvinunua dukani katika mifuko ya urea, DAP na NPK. Bei ya mifuko hiyo ilipanda vibaya mwaka 2022 baada ya Urusi kuivamia Ukraine, kiasi cha kuzifanya serikali za Tanzania na Kenya kutoa ruzuku mwaka huohuo.

Njia mojawapo ya kuvirejesha virutubisho hivyo shambani, ambayo watafiti wa nchi mbalimbali wamekuwa wakiichunguza, ni kuyapitisha maji ya mabanda katika bayochari. Huu ni mkaa unaotengenezwa kwa mabaki ya mimea kwa ajili ya kutiwa udongoni na si jikoni.

Madhara ya kuyaacha maji hayo yaende yatakako yanafahamika. Naitrojeni ya mkojo na kinyesi hugeuka kuwa naitreti, ambayo huyeyuka majini na kupenya hadi visimani. Shirika la Afya Duniani (WHO) limeweka ukomo wa miligramu 50 za naitreti kwa lita moja ya maji ya kunywa, kwa kuwa mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo kwa maji yaliyozidi kiwango hicho aweza kupatwa na hali ambayo damu yake inashindwa kubeba oksijeni.

Fosforasi nayo hulisha mwani na magugumaji. Wakazi wa Mwanza na Kisumu, ambao maji yao ya bomba hutoka Ziwa Victoria, wanayajua magugu hayo tangu miaka ya 1990. Huko Marekani, Agosti 2014, watu wapatao 500,000 wa mji wa Toledo na vitongoji vyake waliambiwa wasinywe maji ya bomba kwa muda wa siku tatu hivi, baada ya sumu ya mwani kuonekana katika maji yaliyovutwa kutoka Ziwa Erie. Chanzo kikubwa cha mwani huo ni fosforasi ya mbolea na samadi inayosombwa na mvua kutoka mashambani.

Bayochari hupatikana kwa kuchoma pumba za mpunga, magunzi, makumbi ya nazi au vumbi la mbao katika chombo kisichopitisha hewa ya kutosha, kwa joto la takribani nyuzi 350 hadi 700 za Selsiasi. Kwa kukosa oksijeni, malighafi hiyo haiishii kuwa majivu. Hubaki mkaa wenye vitundu visivyohesabika, na kuta za vitundu hivyo, laiti zingekunjuliwa, gramu moja tu ingeweza kutandaza eneo la makumi au hata mamia ya mita za mraba.

Si jambo geni. Wenyeji wa bonde la Amazon walichanganya mkaa, mabaki ya chakula na kinyesi udongoni karne nyingi kabla ya Wazungu kufika, na udongo wao mweusi ungali na rutuba hadi leo.

Lakini vitundu pekee havitoshi kueleza kazi ya mkaa huu. Uso wake kwa kawaida una chaji hasi. Naitrojeni iliyomo katika maji ya mabanda kwa sehemu kubwa huwa katika umbo la amoniamu, yenye chaji chanya, hivyo huvutwa na kung'ang'ania. Fosforasi, kinyume chake, huwa katika umbo la fosfeti, ambayo chaji yake pia ni hasi, na mkaa mtupu huisukuma.

Dawa yake ni kuutia mkaa madini kama magnesi, kalsiamu au chuma. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida walionyesha mwaka 2013 kuwa majani ya minyanya iliyolishwa magnesi ilipokuwa ikikua, yalipochomwa, yalitoa mkaa ulionasa zaidi ya gramu 100 za fosfeti kwa kila kilo, na kwamba fosfeti hiyo iliachiliwa polepole baadaye na kuweza kutumiwa na mimea. Hayo yalikuwa matokeo ya maabara. Katika maji halisi ya mabanda, yenye uchafu wa kila namna unaogombea nafasi ileile, kiwango hushuka.

Magnesi yenyewe si lazima inunuliwe ghali. Maji machungu yanayobaki katika mashamba ya chumvi ya pwani, kama yale ya Bagamoyo na Gongoni, baada ya chumvi kuganda na kuchotwa, yana magnesi nyingi.

Upande wa naitrojeni ndiko kunakohitaji tahadhari ya hesabu. Mkaa usiotiwa kitu mara nyingi hunasa gramu chache tu za naitrojeni kwa kilo, na hata tukikadiria gramu 10, mfuko mmoja wa urea wa kilo 50, wenye kilo 23 za naitrojeni, ungehitaji mkaa wa tani 2.3 ili kiasi chake kinaswe. Anayeahidi kwamba debe mbili za mkaa zitasafisha mfereji wa banda la ng'ombe 20 anauza ndoto.

Kwa sababu hiyo, mfugaji mdogo hunufaika zaidi akiutandaza mkaa bandani, chini ya mifugo, kuliko kungoja hadi mkojo uchanganyike na maji mengi ya kusafishia sakafu. Matandiko hayo hunyonya mkojo ukiwa bado mzito, kisha huozeshwa pamoja na samadi na kupelekwa shambani. Uzito wa mkaa haupotei bure, kwani katika udongo wa kichanga husaidia kuhifadhi maji.

Wapo wanaodhani mtambo wa biogesi umekwisha kulitatua tatizo hili. Mtambo hutoa gesi ya kupikia, na hilo ni jambo jema, ila naitrojeni na fosforasi hubaki karibu zote katika tope linalotoka upande wa pili. Tope hilo likiachwa liingie mtoni, mto haupati nafuu yoyote. Mkaa unaweza kuwekwa hapo, baada ya mtambo, ambapo chembe nyingi za uchafu zimekwisha kuoza na vitundu haviwahi kuziba.

Kuna mambo mengine ya kuangalia. Mkaa uliochomwa kwa joto kali huwa na tabia ya majivu, yaani hupunguza asidi ya maji, na asidi ikipungua mno amoniamu hugeuka gesi ya amonia na kutorokea hewani. Banda hunuka zaidi na mbolea inapotea. Aidha, mkaa hauui vijidudu vyote vya kinyesi, hivyo haufai kumwagwa moja kwa moja juu ya mchicha au saladi. Kinyesi cha nguruwe waliolishwa vyakula vyenye shaba na zinki kina madini hayo, nayo hurundikana katika mkaa na hatimaye udongoni.

Hatari kubwa kuliko zote ni kukata miti. Katika nchi ambayo misitu tayari inateketea kwa ajili ya mkaa wa kupikia, kukata mti mwingine ili kusafisha maji ya banda ni kuhamisha uharibifu kutoka mtoni kwenda msituni. Pumba zilizorundikana nje ya vinu vya mpunga vya Mbeya na Morogoro zinatosha kuanzia.

Mfugaji anayetumia mkaa huo katika shamba lake hana vikwazo vingi. Anayetaka kuuza ni mwingine: chini ya Sheria ya Mbolea ya mwaka 2009, mbolea inayoingizwa sokoni Tanzania hutakiwa kusajiliwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea (TFRA), baada ya kupimwa virutubisho vilivyomo.