Kotisoli na Jeni za Uvimbe

Mtu achomwapo na mwiba, mahali pale huvimba, hupata joto na kuuma. Hiyo ni kinga ya mwili. Lakini isipozuiliwa huharibu viungo vilevile inavyovilinda. Mojawapo ya vizuizi vyake ni kotisoli, homoni ya jamii ya lipidi, itengenezwayo kutokana na kolesteroli katika tezi zilizo juu ya figo.

Kwa kuwa utando wa seli nao ni wa lipidi, kotisoli hupenya bila kubisha hodi. Ndani hushikamana na protini iitwayo kipokezi, na pamoja huingia katika kiini cha seli. Humo hupunguza kazi ya jeni zinazoagiza protini za uvimbe, na kuziamsha nyingine zinazoutuliza. Ndiyo maana nafuu huchukua saa kadhaa, si dakika.

Mwaka 1948, huko Marekani, Philip Hench alimpa mgonjwa wa baridi yabisi kotisoni, ambayo mwilini hugeuka kotisoli. Baada ya siku chache akatembea. Lakini atumiaye vidonge vya namna hii kwa muda mrefu asiviache ghafula: tezi zake huwa zimelegea, na huhitaji muda kuanza kazi upya.